Shindano la Kulenga Shabaha Makuyuni
Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama



Katika mkutano uliopita baadhi ya wanachama wenye bunduki za leseni walileta shauri kwamba tufanye shindano dogo la kulenga shabaha, wenzetu wa upande wa Korogwe wakishindana na wenzetu wa upande wa Handeni, na kwamba mahali pa kukutania pawe hapa Makuyuni. Shauri lile lilipendwa na wengi. Lakini kila aliyesimama kulisifu alileta na namna yake ya kulifanya. Mmoja alitaka kanga hai wafungwe kamba miguuni ili walengwe. Wa pili alitaka kila mtu aje na bunduki yoyote aliyo nayo, hata kama ni gobori la babu yake. Wa tatu alisema bunduki tatu zatosha, tutaazimana. Ndipo Halmashauri ikatuagiza sisi wachache tulifikiri jambo hili na kuleta maneno yetu, na maneno yenyewe ndiyo haya.

Twaanza na neno lililo shina la hotuba yote. Shindano la shabaha si kazi ya jicho na kidole peke yake. Kabla ya jicho yatangulia daftari, na kabla ya kidole watangulia utaratibu. Mlengaji hodari katika uwanja usio na utaratibu ni kama dereva hodari katika gari lisilo na breki: ustadi wake hauwafai kitu walio njiani. Na sisi tulio makarani hatuna sababu ya kuona haya tukiambiwa kwamba kazi yetu ni kalamu na karatasi, maana katika mchezo huu kalamu na karatasi ndizo zinazolinda uhai wa watu.

Bunduki si kitu kigeni katika nchi hii tunayokaa. Katika miaka ya 1860, baada ya kufa Kimweri ye Nyumbai aliyetawala Usambara kutoka Vuga, mwanawe Semboja alikaa Mazinde, chini ya milima, karibu na njia ya misafara iliyotoka pwani. Na sababu moja kubwa ilikuwa biashara na bunduki zilizopita katika njia ile. Siku hizo mwenye bunduki ndiye mwenye neno, na watu wengi waliumia kwa ajili ya hayo.

Baadaye, mwezi wa Novemba 1914, hapo Tanga, askari Waafrika wa jeshi la Wajerumani walilirudisha baharini jeshi la Waingereza na Wahindi lililowazidi mara nyingi kwa hesabu. Wengi wa askari wale walichukua bunduki za mfano wa mwaka 1871, ambazo baruti yake hutoa moshi mwingi na kumfichua aliyepiga. Basi hawakupata ushindi kwa wingi wao, wala kwa ubora wa silaha zao. Mafunzo na kutii amri viliwasaidia zaidi. Hatutaji habari hizi ili kusifu vita, maana vita ile iliacha njaa na makaburi katika nchi yetu. Twazitaja ili ionekane kwamba hata mahali ambapo bunduki hutumika kwa kazi yake kali kabisa, utaratibu hupita silaha.

Yaweza kuulizwa, Je, chama cha watumishi wa ofisini kina haja gani na mchezo wa namna hii? Twajibu kwamba michezo si jambo geni katika vyama vyetu. Mwaka 1922, hapo hapo Tanga, watumishi Waafrika wa Serikali waliunda chama chao wakiongozwa na Martin Kayamba. Wazee wale waliona kwamba mtu anayeinama juu ya meza mchana kutwa anahitaji mahali pa kukutana na wenziwe, kusoma na kucheza. Mchezo huwakutanisha watu ambao kazi haiwakutanishi. Karani wa Handeni na karani wa Korogwe huandikiana barua mwaka mzima, wala hawajuani kwa sura. Wakilala chini kwa tumbo mkeka kwa mkeka, kila mmoja akizuia pumzi yake, watajuana.

Sasa twaja kwenye jambo la kwanza lililoleta ubishi, nalo ni hilo la kanga hai. Ndugu yetu aliyelileta hakulileta kwa ubaya. Alisema kwamba mwindaji halengi karatasi porini. Lakini jambo hili limejaribiwa kwingine likaachwa. Katika michezo ya Paris ya mwaka 1900 walishindana kupiga njiwa hai; ndege wapatao mia tatu waliuawa, na mshindi, Léon de Lunden wa Ubelgiji, alipiga 21. Michezo ya Olimpiki haikuendelea na desturi ile. Miaka minane baadaye, katika Olimpiki ya London ya mwaka 1908, palikuwa na shindano la kulenga sanamu ya kulungu aendaye mbio, na mmoja wa washindi alikuwa Oscar Swahn wa Sweden, mzee mwenye miaka 60. Mzee huyo huyo mwaka 1920 alipata nishani ya fedha akiwa na miaka 72. Basi wazee wetu mlioko hapa wenye kusema kwamba mchezo huu ni wa vijana, mkumbukeni Mzee Swahn. Na huko Meksiko, tangu mwaka 1948, hulenga sanamu za chuma za kuku, nguruwe, bata mzinga na kondoo dume, kila mnyama katika umbali wake. Na mchezo huo umeenea katika nchi nyingi.

Zaidi ya hayo, sheria za nchi yetu ziko wazi. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 yakataza kuwinda pasipo leseni, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 yakataza kumtesa mnyama. Kanga aliyefungwa kamba mguuni apigwe na watu kumi na wawili, hapo hapana uwindaji. Pana mateso tu. Chama cha watumishi hakiwezi kuweka jina lake chini ya tendo hilo.

Tena lugha yetu wenyewe imekwisha kutuonyesha njia. Neno shabaha lina maana mbili katika Kiswahili: maana moja ni alama inayolengwa, na maana ya pili ni mfano, kitu kilichofanana na kingine. Shindano letu litaziunganisha maana hizo mbili. Tutalenga mfano wa mnyama, na mnyama mwenyewe tutamwacha aende zake.

Sanamu hizo tutazipata wapi? Hapa ndipo makarani tunapowashinda matajiri. Mashine hii hii inayotoa jarida letu yaweza kutoa sanamu. Mtu mwenye mkono wa kuchora atachora wanyama wanne juu ya stensili: kwale, sungura aliyejikunyata, kanga, na paa. Kwale na sungura hutosha katika karatasi moja kwa ukubwa wao wa kweli. Kanga atapunguzwa kidogo. Paa hatachorwa mzima, bali kichwa na kifua chake tu. Penye moyo, au penye kichwa kwa ndege, patawekwa duara la sentimita nne. Kisha tutazungusha mashine, na kila mshindani atapewa karatasi zilizo sawasawa na za mwenziwe, zenye namba na sahihi ya mwandishi. Hapatakuwa na mtu wa kusema kwamba kwale wake alikuwa mwembamba.

Karatasi zitabandikwa juu ya maboksi magumu yaliyofungwa kwenye miti. Kwale atawekwa mita 25, sungura mita 40, kanga mita 50, na paa mita 75. Tumechagua karatasi badala ya chuma kwa sababu ya gharama, na kwa sababu nyingine kubwa zaidi: risasi ikigonga chuma kilichowekwa vibaya huweza kuruka na kurudi, na sisi hatuna fundi wa kukiweka vyema.

Hesabu ya alama itakuwa hivi. Kila mshindani ana risasi tano kwa kila mnyama, yaani risasi 20 kwa wanyama wanne. Risasi iliyoingia ndani ya duara, au iliyogusa mstari wake, ina alama 5. Risasi iliyokosa sanamu kabisa haina kitu. Lakini risasi iliyompata mnyama nje ya duara, mguuni au tumboni au mkiani, itaondoa alama 2. Basi anayepata yote atapata 100, na asiye mwangalifu aweza kwenda nyumbani akiwa na deni.

Tunajua kwamba kanuni hii itapigiwa kelele. Mtu atasema, Inakuwaje aliyekosa kabisa ashinde aliyegusa? Twamjibu kwa kumwuliza yeye swali: Porini, ni yupi aliyefanya vibaya zaidi, yule ambaye risasi yake ilipita hewani na paa akaenda zake mzima, au yule aliyemvunja paa mguu, naye akakimbia nao hata akafia kichakani pasipo kumfaa mtu? Kila mwindaji wa kweli katika Uzigua na Usambara ajua jibu. Shindano la kulenga wanyama wadogo lisipofundisha jambo hilo, halifundishi kitu.

Kwa sababu hiyo hiyo mshindani ana ruhusa ya kutopiga. Akiona mkono watetemeka au upepo wavuma, aweza kurudisha risasi yake kwa mwandishi, wala hataondolewa alama. Kuacha kupiga ni sehemu ya kulenga, na labda ndiyo sehemu iliyo ngumu kuliko zote.

Jambo la pili ni bunduki zenyewe. Tumekubaliana kwamba ziwe za namna moja tu, zile ndogo za kipimo cha .22 zinazopiga risasi moja moja. Bunduki za marisaa hazifai hapa, kwa kuwa chembe zake hutawanyika, na hakuna awezaye kusema ni chembe ipi aliyoilenga. Magobori nayo tumeyakataa, si kwa dharau. Gobori limelinda mashamba ya mahindi na nguruwe na nyani kwa vizazi vingi. Lakini hushindiliwa baruti kwa kukisia, na gobori la zamani lililoliwa na kutu laweza kupasuka usoni pa mwenyewe.

Kuhusu kuazimana, jibu letu ni hapana. Silaha katika nchi yetu inatawaliwa na sheria ya silaha na risasi ya mwaka 2015, iliyochukua mahali pa ile ya mwaka 1991, na leseni ni ya mtu aliyeandikwa jina lake. Kila mshindani ataleta bunduki yake mwenyewe na leseni yake mwenyewe, na mwandishi atasoma leseni zote na kuandika namba zake kabla ya bunduki yoyote kutolewa katika mfuko. Asiye na leseni hana nafasi kwenye mstari, ingawa awe nani katika chama. Lakini asihuzunike: kazi ni nyingi, kama mtakavyosikia.

Jambo la tatu ni ruhusa. Hatutafyatua hata risasi moja kabla ya kuandika barua kwa Mkuu wa Polisi wa Wilaya na kupata jibu lake kwa maandishi, na kabla ya kuonana na Serikali ya Kijiji na mwenye ardhi. Tena barua hiyo iwe ya kuomba, isiwe ya kuarifu. Sisi tuliozoea kuandikiwa barua na wananchi twajua vema tofauti ya namna hizo mbili. Akisema hapana, basi ni hapana. Tutacheza bao siku hiyo na kula pilau yetu kwa amani.

Jambo la nne ni uwanja, nalo lataka maneno zaidi. Makuyuni ni mahali pa watu. Barabara ya kutoka Korogwe kwenda Mombo yapita hapa, wachungaji hupita na mifugo, na akina mama huenda kutafuta kuni. Risasi ya .22 ni ndogo kama punje ya mahindi, na kwa hiyo watu huidharau. Lakini ikikosa kizuizi huweza kwenda zaidi ya kilomita moja na nusu, nayo mwisho wa safari yake yaweza kuua. Basi twataka mahali penye ukingo mrefu wa udongo mtupu usio na mawe, mgongo wake ukiwa upande wa mlima, mbali na barabara na nyumba na mashamba yenye watu.

Hata hivyo mlima usituhadae. Mlima si ukuta. Una vijia, na katika vijia mna watoto. Kwa hiyo siku saba kabla ya shindano habari itatangazwa kijijini, msikitini na kanisani. Siku yenyewe walinzi wanne wenye bendera nyekundu watasimama, wawili kila upande wa ukingo, mahali wanapoonana na msimamizi. Bendera moja ikishushwa, hapana mtu atakayepiga. Hizo ndizo kazi tulizosema: walinzi wanne, mwandishi mmoja, wahesabu wawili, msimamizi wa mstari, na mmoja aliyejifunza kufunga majeraha, mwenye sanduku lake na gari lililo tayari.

Jambo la tano ni amri za mstari. Zitakuwa chache ili zisisahauliwe. Kila bunduki huhesabiwa kuwa ina risasi, hata kama mwenyewe ameapa kwamba haina. Mtutu hauelekezwi popote ila kwenye ukingo. Kidole hakikaribii kifyatulio mpaka jicho limekwisha kuiona shabaha na kilicho nyuma yake. Msimamizi akisema “Tayari,” washindani hutia risasi. Akisema “Piga,” hupiga. Akisema “Acha,” huacha mara moja, hufungua mitambo, huziweka bunduki chini na kurudi nyuma hatua tatu. Neno “Tayari” na neno “Piga” ni ya msimamizi peke yake. Bali neno “Acha” ni la kila mtu. Mtoto aliyeketi nyuma ya kamba akiona mbuzi ametokea penye ukingo, ana haki ya kulitamka, na mkubwa wa cheo kuliko wote mstarini atamtii. Tumelipima sana jambo hili, maana katika ofisi zetu haijazoeleka tarishi kumwamuru mkuu wake. Juu ya mstari wa bunduki cheo hakina kazi.

Hapana mtu atakayekwenda mbele kutazama karatasi mpaka msimamizi amekagua bunduki zote na kuona kwamba ni tupu. Wote watatia pamba au vizibo masikioni na kuvaa miwani. Aliyeonja pombe asubuhi ile hataingia uwanjani, wala hataulizwa ameonja kiasi gani.

Tumefanya hesabu ya muda na risasi. Washindani wakiwa 12, sita kila upande, watapiga watatu watatu, yaani makundi manne. Kila kundi litapewa nusu saa pamoja na kubadili karatasi, basi kazi yote ni saa mbili. Tukianza saa mbili asubuhi tutamaliza saa nne, kabla jua halijatia mazigazi machoni. Risasi za shindano ni 240, na tukimpa kila mtu mbili za kujaribia ni 264. Kila mtu ataleta zake 22, zitahesabiwa kabla na kuhesabiwa baada, na maganda yote yataokotwa.

Jambo la mwisho ni daftari. Wahesabu wawili, mmoja wa Korogwe na mmoja wa Handeni, watasoma kila karatasi pamoja, na mwandishi ataandika wakikubaliana. Matundu yakizidi matano, maana yake jirani amekosea karatasi. Hapo mwenye karatasi atachagua kuchukua matano yenye alama ndogo, au kupiga upya. Wahesabu wasipokubaliana, msimamizi ataamua, na neno lake litakuwa la mwisho. Mshindani hatagusa karatasi yake mpaka imekwisha kutiwa sahihi. Ndugu zetu, twajua wenyewe kwamba urafiki mwingi umevunjika si kwa kushindwa, bali kwa kudhani kwamba hesabu ilipindwa. Upande utakaoshindwa kwa hesabu safi utarudi mwaka ujao. Upande ulioonewa hautarudi kamwe.

Zawadi tumeziweka ndogo kwa makusudi. Mshindi atapata karatasi yake ya paa iliyotiwa fremu, na upande uliopata alama nyingi utapikiwa chakula na upande wa pili. Hatutaki fedha, kwa kuwa fedha ikiwekwa mezani mkono hutetemeka na ulimi hurefuka.

Bwana Mwenyekiti, twajua kwamba baadhi ya wanachama watasema tumeuzika mchezo chini ya kanuni. Walikuja kusikia habari za bunduki, tukawapa habari za barua, bendera na madaftari. Twawaomba wafikiri hivi. Risasi ikitoka haiitiki. Ni kama maji yaliyomwagika, hayazoleki. Kila kanuni tuliyoisoma hapa ina kazi moja tu, nayo ni kufanya yale ambayo mtu angetamani baadaye kwamba angaliyafanya kabla. Mchezo ukienda salama, watu watasema kwamba kanuni hazikuwa na haja, nasi tutafurahi kuchekwa hivyo. Ukienda vibaya mara moja, mama mmoja wa Makuyuni atalia, na jina la chama hiki halitasafishika tena.

Twaomba basi mkutano uamue mambo matatu: kwamba sanamu za karatasi zikubaliwe, kwamba barua ya kuomba ruhusa iandikwe, na kwamba wanaotaka kufanya kazi ya ulinzi na hesabu waandikishe majina yao kwa mwandishi leo hii kabla ya kuondoka. Majina ya walengaji tutayapokea baadaye. Tukikosa walinzi wanne wa bendera, hapatakuwa na shindano, hata tukipata walengaji mia.